Jomo Kenyatta: Maisha Yake na Masharti Aliyopewa Baada ya Kifungo

Mtahiniwa, habari hii imeandikwa kwa ajili ya mazoezi ya ufahamu na ufupisho, lakini itakusaidia pia katika Historia na Uraia. Isome mara mbili. Mara ya kwanza isome yote bila kusimama ili upate wazo kuu. Mara ya pili soma ukiwa na penseli, upigie mstari tarehe, mahali na sababu. Maswali yapo mwishoni.

1. Utangulizi

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, mtu anaporudi nyumbani kutoka Gereza la Tarime au la Mugumu, majirani husema amefunguliwa. Ndugu hukusanyika, mama hulia kwa furaha, na wazee humwita kumpa maonyo. Lakini wakati mwingine, baada ya siku chache, watu husikia kwamba ndugu yao bado ana masharti. Anatakiwa kuripoti kwa afisa fulani, asihame bila kutoa taarifa, na asirudie kosa. Hapo ndipo maswali huanza. Je, ametoka au hajatoka? Akikosea kidogo, itakuwaje? Na je, masharti hayo yana mwisho?

Maswali hayo yaliwahi kuhusu nchi nzima. Ukisimama Sirari, Kenya iko mbele yako, na Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka. Huko, mwaka 1959, mzee mmoja alimaliza kifungo chake, akatolewa gerezani, lakini hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Mzee huyo alikuwa Jomo Kenyatta.

2. Utoto, elimu na safari

Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ngenda, Gatundu, katika eneo la Kiambu. Tarehe kamili haijulikani kwa sababu wakati huo kuzaliwa hakukuandikwa. Jina lake la utotoni lilikuwa Kamau. Alisoma katika misheni ya Kanisa la Skotilandi huko Thogoto, na mwaka 1914 alibatizwa na kuitwa Johnstone. Baadaye alifanya kazi Nairobi katika idara ya maji ya mji.

Tatizo kubwa la Wakikuyu wakati huo lilikuwa ardhi. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamepewa mashamba makubwa, na wenyeji wengi wakabaki vibarua au wapangaji katika ardhi waliyoiona kuwa yao. Mwaka 1928 Kenyatta akawa katibu mkuu wa Chama Kikuu cha Wakikuyu, kilichojulikana kwa kifupi kama KCA, na akahariri gazeti lake, Muigwithania. Mwaka 1929 chama kilimtuma London kupeleka madai ya ardhi. Alirudi mwaka 1930, kisha mwaka 1931 akaondoka tena na kukaa Ulaya miaka 15. Alisoma elimu ya jamii na mila za watu, na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu maisha ya Wakikuyu. Oktoba 1945 alishiriki Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah.

Alirudi Kenya Septemba 1946. Juni 1947 alichaguliwa kuwa rais wa KAU, chama kilichokusanya Waafrika wa makabila mbalimbali kudai haki zao.

3. Kukamatwa na hukumu

Kufikia mwaka 1952 hali ilikuwa mbaya. Kundi la siri lililojulikana kama Mau Mau lilikuwa likiwalisha watu viapo na kushambulia walowezi pamoja na Waafrika waliounga mkono serikali. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Usiku huohuo Kenyatta alikamatwa nyumbani kwake Gatundu.

Alishtakiwa kwamba alikuwa kiongozi wa Mau Mau. Pamoja naye walishtakiwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Kesi haikusikilizwa Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, mji mdogo wa mbali kaskazini magharibi, katika eneo ambalo mtu hakuweza kuingia bila kibali. Kwa hiyo mawakili na waandishi wa habari walipata shida kubwa kufika. Miongoni mwa waliosaidia kuandaa utetezi alikuwemo Dudley Thompson, mwanasheria wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Moshi, Tanganyika.

Tarehe 8 Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwatia hatiani. Kenyatta alipewa miaka saba ya kifungo na kazi ngumu. Kisha likaja jambo la pili, ambalo watahiniwa wengi hulisahau: baada ya kifungo, angewekwa chini ya amri ya kuishi mahali atakapopangiwa na serikali, bila muda wa mwisho kutajwa. Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiwa. Serikali iliendelea kumshikilia kwa sheria za hali ya hatari.

Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, alikula kiapo kwamba ushahidi aliotoa Kapenguria ulikuwa wa uongo. Serikali haikufungua upya kesi ya Kenyatta. Badala yake ilimshtaki Macharia kwa kuapa uongo katika kiapo hicho kipya, naye akafungwa.

4. Lokitaung

Wafungwa walipelekwa Lokitaung, katika nchi kame ya Waturkana, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan ya wakati huo. Wenzake walifanya kazi ngumu. Kenyatta, kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Mtu aliyekuwa ameongoza chama cha maelfu ya watu sasa alipima unga na kuchochea moto.

Nje ya gereza, vita viliendelea. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kambini bila kuhukumiwa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walipigwa na walinzi hadi kufa kwa sababu ya kukataa kufanya kazi. Habari hiyo iliishtua Uingereza, na wabunge wa huko wakaanza kuuliza iwapo utaratibu wote huo ulikuwa wa haki.

5. Lodwar: nje ya gereza, ndani ya masharti

Aprili 1959 Kenyatta alimaliza kifungo. Kwa mtu wa kawaida, hapo ndipo hutafuta usafiri wa kurudi kwao. Yeye alihamishiwa Lodwar, mji mwingine mdogo wa Turkana. Hakuwa tena mfungwa: alipewa nyumba, na mkewe Ngina aliruhusiwa kwenda kuishi naye. Hata hivyo, alikuwa na masharti. Yaelewe vizuri, kwa maana ndiyo kiini cha habari hii:

(a) Alitakiwa kuishi Lodwar na si mahali pengine. Hakuruhusiwa kuondoka bila idhini.
(b) Alitakiwa kuripoti kwa mkuu wa wilaya wa kikoloni, ambaye wazee wetu wa Tanganyika walimwita bwana shauri.
(c) Mgeni hakuweza kumfikia bila kibali, kwa kuwa Turkana lilikuwa eneo lililofungwa.
(d) Barua zake zilipitia mikononi mwa maofisa.
(e) Hakuweza kuhutubia mkutano wala kuongoza chama.

Linganisha sasa masharti haya na yale ya mtu anayetoka Gereza la Mugumu leo. Kwa nje yanafanana, kwa sababu yote mawili yanahusu kuripoti na kutohama. Lakini tofauti ni kubwa. Masharti ya Kenyatta hayakuwa na tarehe ya mwisho. Hakuwa ametenda kosa jipya. Yalitegemea maoni ya gavana kuhusu hatari ambayo huenda angeileta baadaye. Mtu anaweza kujitetea dhidi ya jambo alilolitenda jana. Ni vigumu sana kujitetea dhidi ya jambo ambalo mtu mwingine anahofia kuwa utalitenda kesho.

Uthibitisho ulikuja Januari 1960. Hali ya hatari iliondolewa rasmi, na wengi walidhani masharti yangekwisha siku hiyohiyo. Serikali ilitunga sheria nyingine iliyoiwezesha kuendelea kuwazuia baadhi ya watu. Kenyatta akabaki Lodwar. Mei 1960 Gavana Patrick Renison alitangaza hadharani kwamba hatamwachia, akimweleza kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na kwenye mauti.

6. Athari za masharti hayo

Kwanza, athari kwa familia. Familia yake ilitenganishwa naye kwa miaka mingi. Nyumba yake ya Gatundu ilikuwa imebomolewa wakati wa hali ya hatari, hivyo hata angeruhusiwa kurudi, hakuwa na paa.

Pili, athari kwa siasa za Kenya. Mazungumzo ya katiba yalianza London mapema mwaka 1960 bila yeye. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka huo, wanachama walimchagua kuwa rais ingawa hakuwepo. Serikali ilikataa kukisajili chama chenye rais aliye chini ya amri ya kuzuiwa, na James Gichuru akashika nafasi hiyo kwa muda. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU kilipata viti 19 na KADU viti 11. Hata hivyo KANU kilikataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiwe. Mwishowe KADU, chini ya Ronald Ngala, ndicho kilichoingia serikalini, huku Gavana akiahidi kumjengea Kenyatta nyumba huko Kiambu.

Tatu, athari kwa serikali yenyewe. Nia ya masharti ilikuwa kumfanya asahaulike. Matokeo yakawa kinyume. Tayari Juni 1958 Oginga Odinga alikuwa amesimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba Kenyatta na wenzake bado ni viongozi wa kweli wa watu. Wengine walishtuka, lakini ndani ya miaka miwili karibu kila mwanasiasa Mwafrika alikuwa akidai aachiwe. Kadiri alivyozuiwa kusema, ndivyo jina lake lilivyosemwa na wengine.

7. Maralal, nyumbani na Ikulu

Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walikwenda Lodwar kuonana naye. Aprili alihamishiwa Maralal, ambako aliruhusiwa kuzungumza na waandishi wa habari wa dunia. Waliotarajia kumwona mzee aliyechoka na mwenye chuki walikutana na mtu mtulivu aliyejibu maswali bila hasira.

Tarehe 14 Agosti 1961 alirudishwa Gatundu, na siku chache baadaye masharti yaliondolewa kabisa. Tangu kukamatwa hadi kuwa huru ilikuwa imepita karibu miaka tisa. Kati ya hiyo, zaidi ya miaka miwili ilikuwa ya masharti baada ya kifungo. Oktoba mwaka huo mwanawe Uhuru alizaliwa.

Lakini hata hapo hukumu ya zamani ilikuwa bado inamfuata. Sheria ilikataza mtu aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka miwili kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Ilibidi sheria ibadilishwe, na Kariuki Njiiri akaachia kiti chake ili Kenyatta aingie Januari 1962. Kenya ilipata serikali ya ndani tarehe 1 Juni 1963, Kenyatta akiwa Waziri Mkuu, na uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1964 ikawa jamhuri, naye akawa Rais wa kwanza. Aliwahimiza Wakenya kusamehe yaliyopita na kujenga nchi pamoja, wakiwemo walowezi waliotaka kubaki.

Sehemu ya mwisho ya maisha yake inahitaji kusomwa kwa uaminifu. Mwaka 1966 serikali yake ilirudisha uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki. Oktoba 1969 Oginga Odinga, yuleyule aliyethubutu kumtetea mwaka 1958, aliwekwa kizuizini, akaachiwa mwaka 1971. Kwa hiyo aliyeonja uchungu wa kuzuiwa bila muda wa mwisho aliwaonjesha wengine. Hata Tanganyika ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Serikali nyingi mpya za Afrika zilirithi silaha hii kutoka kwa wakoloni, na hazikuitupa.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 akiwa bado Rais.

8. Tunajifunza nini?

Wazo kuu la habari hii ni kwamba masharti baada ya kifungo yanaweza kuwa daraja la kumrudisha mtu nyumbani, au yanaweza kuwa gereza la pili lisilo na ukuta. Kinachotofautisha mawili hayo ni sheria: nani ameyaweka, kwa kosa gani, kwa muda gani, na kama mtu anaweza kuyalalamikia.

Leo Tanzania ina njia kadhaa za kisheria za kumwacha mkosaji akiwa nje ya gereza kwa masharti. Mahakama inaweza kumwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Inaweza kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa Huduma za Uangalizi. Inaweza kumpa adhabu ya kutumikia jamii, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, kama kusafisha zahanati au shule. Pia mfungwa anaweza kutolewa kwa parole kabla ya kumaliza kifungo, kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994.

Njia hizi zote zina masharti na zina matokeo. Anayekiuka anaweza kurudishwa mahakamani na kuadhibiwa kwa kosa la awali, au kurudishwa gerezani. Kwa hiyo kijana wa kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Serengeti, aliyeachiwa kwa masharti, asidhani kwamba karatasi ile ni mapambo. Aisome, na asipoielewa amwombe afisa amweleze: tarehe ya kuripoti, muda wa mwisho, na nani wa kumwarifu akifiwa au akipata kazi mbali. Na sisi majirani tusiwe bwana shauri wa pili. Mtu anayetimiza masharti yake anahitaji kazi na salamu. Akikosa vyote viwili, njia ya kurudi gerezani huwa fupi.

9. Maneno yanayowachanganya watahiniwa

Kifungo: adhabu ya kukaa gerezani iliyotolewa na mahakama baada ya mtu kutiwa hatiani.
Kizuizini: hali ya kushikiliwa kwa amri ya serikali, mara nyingi bila kushtakiwa.
Uangalizi: kukaa nje ya gereza chini ya usimamizi wa afisa, kwa masharti na kwa muda maalumu.
Parole: kutolewa gerezani kwa masharti kabla ya kifungo kwisha.

Kumbuka pia mahali. Kapenguria alihukumiwa, Lokitaung alifungwa, Lodwar na Maralal alizuiliwa, na Gatundu ndiko nyumbani. Kuandika kwamba alifungwa Kapenguria miaka saba ni kosa.

10. Maswali

1. Andika kichwa kingine cha habari kinachofaa kisichozidi maneno matano. (Alama 1)
2. Taja masharti matatu aliyopewa Kenyatta huko Lodwar. (Alama 3)
3. Kwa nini kesi ilipelekwa Kapenguria badala ya Nairobi? Toa hoja kutokana na habari. (Alama 2)
4. Eleza tofauti mbili kati ya masharti ya Kenyatta na masharti ya uangalizi ya leo nchini Tanzania. (Alama 4)
5. Mwandishi ana maana gani anaposema tusiwe bwana shauri wa pili? (Alama 2)
6. Fupisha sehemu ya 6 kwa maneno yasiyozidi 60. (Alama 8)

Dondoo kwa swali la 4: Usiishie kuandika kwamba masharti ya zamani yalikuwa mabaya na ya leo ni mazuri, hilo halina alama. Taja kigezo, kisha linganisha pande zote mbili. Mfano: kuhusu muda, amri ya Kenyatta haikuwa na mwisho, wakati uangalizi wa leo una muda maalumu. Kigezo cha pili kitafute mwenyewe katika sehemu ya 5 na ya 8.